Mpini Bila Jembe: Funzo la Wilaya ya Shule ya Edgewood



Niliambiwa nizungumze juu ya uendeshaji wa shule za umma: nani anaamua, nani anatoa fedha, na tunapimaje kama shule inafanya vizuri. Mimi ni mwalimu mstaafu, na wastaafu hatuna haraka, kwa hiyo naomba nianzie kwenye boma.

Boma mnalijua. Ni kuta zilizofika lenta zikasimama, zikingoja bati. Nilipokuwa mwalimu mkuu, kata yetu ilikuwa na vijiji viwili vilivyopakana. Kimoja kilikuwa na mikorosho. Kila msimu, mnada ukishafanyika, wanakijiji walikubaliana kukatwa shilingi chache kwa kila kilo, na ndani ya mwaka mmoja wakawa na vyumba viwili vya madarasa vyenye bati la rangi. Kijiji cha pili kilitegemea mpunga wa mvua. Kule kila kaya ilitoa fedha taslimu, kisha wanaume wakafyatua tofali siku tatu kila mwezi, na akina mama wakabeba maji kutoka kisimani. Boma lao lilifika lenta na halikwenda tena. Lilinyeshewa misimu mitatu. Mara ya mwisho nilipopita pale, mpapai ulikuwa umeota mahali ambapo meza ya mwalimu ingekaa, na ulikuwa unazaa.

Kwenye kikao cha kata, kijiji cha mpunga kiliambiwa hakina mwamko. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.

Miaka mingi baadaye, katika kusomasoma, nilikutana na habari za mahali panapoitwa Edgewood, katika jiji la San Antonio, jimbo la Texas, Marekani. Nikagundua kwamba kosa langu lilikuwa limeshajadiliwa hadi kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, likaigawa mahakama hiyo karibu katikati. Ndiyo sababu leo nawapeleka Texas, tukitumaini kurudi na kitu mkononi.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu wilaya ni ya Mkuu wa Wilaya na Halmashauri, na shule ni mojawapo ya kazi zake, pamoja na zahanati, barabara na maji. Wamarekani wana kitu cha pekee kinachoitwa wilaya ya shule. Ni serikali ndogo yenye kazi moja tu ya kuendesha shule. Ina mipaka yake kwenye ramani, ambayo mara nyingi haifuati mipaka ya mji. Texas pekee ina wilaya za shule zaidi ya 1,000. Kwa kawaida wakazi huchagua wajumbe saba wa bodi, ambao katika Texas hawalipwi mshahara. Bodi humwajiri mkurugenzi wa elimu, hupitisha bajeti, huajiri walimu, na, hapa naomba masikio yenu, hutoza kodi. Kodi yenyewe ni ya nyumba, viwanja na mali nyingine iliyomo ndani ya mipaka ya wilaya ile. Serikali ya jimbo huongeza fungu lake, na serikali kuu ya Washington huongeza fungu dogo zaidi.

Kwa mtu aliyezoea kusubiri kibali kutoka juu hata cha kuhamisha choo, mfumo huu unapendeza. Mzazi anampigia kura anayesimamia shule ya mwanawe, na kodi ya nyumba yake inaiona shule ile kwa macho. Anayelipa yuko jirani na anayeamua. Wengi wetu tukisema "madaraka kwa wananchi", tunaota kitu cha namna hii.

Sasa twende Edgewood ya mwaka 1968. Ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25, upande wa magharibi wa San Antonio. Wanafunzi wapatao tisa katika kila kumi walikuwa watoto wa familia zenye asili ya Meksiko. Hapakuwa na viwanda vya maana. Jirani palikuwa na kambi kubwa ya jeshi la anga, Kelly, ambako wazazi wengi waliajiriwa, lakini mali ya serikali kuu hailipi kodi ya wilaya ya shule. Zilizobaki za kutozwa zilikuwa nyumba ndogo za wafanyakazi.

Tarehe 16 Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana hadi ofisi ya mkurugenzi. Malalamiko yao yangeweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote wa hapa: madirisha yaliyovunjika, vyoo visivyo na mahitaji, walimu wasio na sifa. Wazazi nao wakajikusanya. Mmoja wao alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati katika kambi ya Kelly. Shule ya msingi waliyosoma watoto wake ilikuwa na popo.

Dhana ya kwanza ya wazazi wale ilikuwa ileile ambayo ingetujia sisi: wakubwa wamekula. Walipokwenda kwa wakili Arthur Gochman, walikwenda na hasira dhidi ya viongozi wa wilaya yao. Gochman akawaonyesha kwamba hata viongozi wale wangekuwa malaika, sanduku la fedha lingebaki tupu, kwa kuwa hesabu ilikuwa imeharibikia mahali pengine. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha mhadhara wangu, kwa hiyo naomba tuifanye pamoja, polepole.

Ndani ya San Antonio kuna kitongoji cha watu wenye nafasi kiitwacho Alamo Heights, nacho kina wilaya yake ya shule. Wakati ule kilikuwa na wanafunzi wapatao 5,000 katika shule sita. Chukua thamani ya mali yote inayotozwa kodi, igawe kwa idadi ya wanafunzi. Edgewood ilikuwa na dola 5,960 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights ilikuwa na zaidi ya dola 49,000.

Sasa tazama viwango vya kodi. Edgewood ilijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani. Alamo Heights ilijitoza senti 85. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba iliyothaminiwa kwa dola 10,000 alilipa dola 105 akiwa Edgewood, na dola 85 akiwa Alamo Heights. Maskini alijikamua zaidi.

Je, kilipatikana nini? Baada ya kila wilaya kutoa sehemu yake katika mfuko wa msingi wa jimbo, kodi ya Edgewood ilibakiza dola 26 kwa kila mtoto kwa mwaka wa masomo 1967–1968. Kodi ya Alamo Heights ilibakiza dola 333. Mfuko wa jimbo, ambao mtu angetegemea uzibe pengo, uliipa Edgewood dola 222 kwa kila mtoto na Alamo Heights dola 225. Jimbo lilimwongezea tajiri dola tatu zaidi! Ukijumlisha na fedha za Washington, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356 na wa Alamo Heights dola 594.

Nimewatajia fedha. Nitaje na watu, maana shule ni watu. Karibu nusu ya walimu wa Edgewood, asilimia 47, walifundisha kwa vibali vya dharura, wakati Alamo Heights walikuwa asilimia 11. Mshauri nasaha mmoja wa Alamo Heights alihudumia wanafunzi 645. Mwenzake wa Edgewood alihudumia 3,098. Fikirini ofisi ya mtu huyo Jumatatu asubuhi.

Mtu atasema, basi Edgewood wangepandisha kodi zaidi. Hesabu hiyo nayo ilifanywa. Ili kufikia mapato ya wilaya iliyopata mengi zaidi katika kaunti yao, Alamo Heights ingehitaji kutoza senti 68 tu kwa kila dola 100. Edgewood ingehitaji dola 5.76. Lakini sheria ya jimbo iliweka ukomo wa dola 1.50. Yaani wananchi waliambiwa, "Shule ni yenu, amueni wenyewe," kisha wakawekewa dari chini ya kimo chao. Wahenga wa kilimo wangesema wamekabidhiwa mpini, jembe limebaki kwa jirani.

Rodriguez na wenzake walifungua kesi mwaka 1968. Mahakama ya chini iliwapa ushindi Desemba 1971. Jimbo likakata rufaa, na tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua ushindi ule kwa kura tano dhidi ya nne.

Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Jaji Lewis Powell, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule za Richmond, Virginia. Naomba tumsikilize kwa haki. Alisema elimu, pamoja na uzito wake, haimo miongoni mwa haki za msingi zinazolindwa na katiba ya shirikisho. Alisema wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama fedha nyingi huleta elimu bora. Na alisema kwamba kuwaachia wakazi waendeshe na kugharamia shule zao ni lengo halali, kwa hiyo jimbo lina sababu ya kutosha kubaki na mfumo wake hata kama una kasoro. Mtu aliyekaa kwenye bodi anajua thamani ya mzazi kuweza kumfikia mwamuzi. Hoja hiyo si ya kubeza.

Jaji Byron White, mmoja wa wanne waliopinga, aliishika hoja hiyohiyo akaigeuza. Ikiwa lengo ni wakazi wawe na uamuzi, alihoji, wakazi wa Edgewood wana uamuzi gani, endapo hawawezi kupata mapato yale hata wakitaka?

Mwingine aliyepinga alikuwa Thurgood Marshall, na huyu ana undugu nasi. Mwaka 1960, kabla hajawa jaji, alikuwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba kwenye jumba la Lancaster, London, na aliandika rasimu ya haki za raia wa Kenya. Mwaka huohuo alifika Kenya. Kwa masimulizi yake mwenyewe, maofisa wa kikoloni walimzuia kuhutubia mkutano huko Kiambu, akaomba aruhusiwe kusema neno moja tu la salamu. Akaruhusiwa. Akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukaitikia. Miaka 13 baadaye, mtu huyo aliandika kurasa nyingi kutetea watoto wa Edgewood, akashindwa. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Katiba ya Marekani haina maneno hayo hadi leo.

Baada ya 1973 mlango wa Washington ulikuwa umefungwa. Wakazi wa Edgewood wakagonga wa nyumbani. Mwaka 1984 walirudi mahakamani, safari hii wakitumia katiba ya Texas yenyewe, inayolitaka bunge la jimbo liwe na mfumo wa shule za umma ulio fanisi. Kufikia hapo pengo lilikuwa limekua. Katika mwaka wa masomo 1985–1986, Alamo Heights ilikuwa na mali ya dola 570,109 kwa kila mwanafunzi na Edgewood dola 38,854. Zamani lilikuwa pengo la mara nane, sasa lilikaribia mara 15. Katika Texas nzima, wilaya tajiri kuliko zote ilikuwa na mara 700 ya ile maskini kuliko zote.

Tarehe 2 Oktoba 1989, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas walikubaliana kwamba mfumo ule ulivunja katiba ya jimbo. Kanuni waliyoitoa ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya elimu. Kwa maneno yangu ni hii: wilaya zinazojitoza kwa kiwango kinachofanana ziweze kupata mapato yanayokaribiana kwa kila mwanafunzi. Hawakusema kila shule ipewe sawa bila kujali watu wake wanafanya nini. Walisema jasho lenye uzito sawa lilipwe ujira wenye uzito sawa. Bunge lilihangaika, likashindwa mara kadhaa, hadi sheria ya mwaka 1993 ilipozilazimisha wilaya tajiri kuachia sehemu ya mapato yao. Watu wakaipa jina la Robin Hood, yule wa hadithi aliyewanyang'anya matajiri akawapa maskini. Mahakama ikaikubali mwaka 1995.

Ningetamani kuishia hapo, wasimuliaji wengi huishia hapo. Lakini niliombwa kuzungumzia ufanisi pia, na Edgewood haikugeuka kuwa paradiso.

Jeraha la miaka mingi halifungwi kwa hundi moja. Kambi ya Kelly ilifungwa mwaka 2001, na ajira zikaondoka. Mwaka 1998 mfuko mmoja wa watu binafsi ulitangaza ufadhili wa dola milioni 50 kwa miaka kumi ili watoto wa Edgewood waende shule nyingine. Mzazi aliyechukua nafasi ile hana lawama. Lakini Texas huzilipa wilaya kwa wastani wa watoto wanaohudhuria kila siku, hivyo mtoto anayeondoka huondoka na fungu lake, ilhali paa la darasa alilolikalia linavuja palepale. Hata surua ikiingia mtaani, bajeti nayo inalala kitandani. Leo wanafunzi wa Edgewood hawafiki nusu ya wale wa 1968. Mwaka 2016 migogoro ndani ya bodi ilifikia hatua ambapo kamishna wa elimu wa jimbo aliwaweka kando wajumbe waliochaguliwa akateua mameneja. Wananchi walipigania jembe miaka 25, kisha kwa muda wakanyang'anywa mpini.

Kwa hiyo walioshuku viongozi mwaka 1968 hawakuwa wajinga. Usimamizi mbovu upo na unaumiza. Ila unatakiwa kutenganishwa na sanduku tupu, maana dawa zake ni mbili tofauti. Kiongozi mbaya hutibiwa kwa kura na ukaguzi. Sanduku tupu halitibiwi kwa kura. Ukibadilisha bodi mara kumi, dola 26 zitabaki dola 26.

Na lile swali la Jaji Powell, kama fedha zinaleta elimu? Mwaka 2016 wachumi watatu, Jackson, Johnson na Persico, walichapisha utafiti uliowafuatilia watoto waliokulia katika majimbo yaliyolazimishwa na mahakama kubadili ugawaji. Mtoto aliyeongezewa asilimia 10 ya matumizi katika miaka yote 12 ya shule alikuja kupata ujira mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 7 ukubwani, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa maskini. Fedha si kila kitu, lakini aliye nazo ndiye hupenda kusema hivyo.

Turudi nyumbani. Mfumo wetu Tanzania ni kinyume cha Texas. Mwalimu analipwa na Serikali Kuu. Kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 tunakatwa kupitia LUKU tunaponunua umeme, haina njia ya moja kwa moja kwenda shule ya mtaani. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, awe wa Masaki au wa Namtumbo. Katika hilo tumewazidi wenzetu: hatukuifunga elfu kumi ya mtoto na bei ya nyumba ya jirani yake. Tusiupoteze ubora huo kwa kuiga.

Lakini kiwango hicho cha 10,000 tunacho tangu wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002. Kilo ya sukari haikungoja. Kadiri ruzuku inavyosinyaa, ndivyo ada iliyofukuzwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 inavyorudi kupitia dirishani, ikiitwa nguvu za wananchi. Na nguvu za wananchi zina bei ya korosho ndani yake. Hapo ndipo Edgewood ya kwetu ilipo: haikuandikwa kwenye sheria, imejificha kwenye daftari la michango. Kenya waliliona hilo zamani katika shule za harambee. Kila jamii iliitikia wito, lakini penye kahawa na mishahara ya mjini pakajengwa kwa haraka kuliko penye mbuzi na ukame.

Kisha tunapima. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora na kumi za mwisho, na mimi naliunga mkono. Texas nao wanazipa wilaya alama kuanzia A hadi F, kama ripoti ya mtoto. Alama inakuonyesha mtoto amefika wapi. Haikuonyeshi alianza kutembea kutoka wapi, wala alibeba nini kichwani. Ukitaka kujua kama shule inaendeshwa vizuri, weka pembeni ya matokeo idadi ya walimu waliopo kweli darasani, ruzuku iliyoingia kweli kwenye akaunti, na kiasi ambacho kila kaya ilitoa ikilinganishwa na kipato chake. Kamati ya shule inaweza kuyaandika hayo kwenye karatasi kwa alasiri moja, na inaweza kumpelekea diwani karatasi hiyo.

Waheshimiwa madiwani, karatasi hizo zikiwafikia, msizitumie kusifia kata zilizomaliza. Zitumieni kupanga foleni ya bati. Kata iliyotoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake na bado ikaishia kwenye lenta, hiyo ndiyo itangulie kuezekewa na Halmashauri.

Nami nina deni la kulipa. Mwaka jana nilikwenda kijiji kile cha mpunga kumtafuta mwenyekiti wa kamati wa enzi zangu. Sasa ni mzee, haoni vizuri. Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi kwa yale niliyosema kikaoni. Alicheka, akasema hakumbuki maneno yangu. Kisha akanitajia, kwa mpangilio, kila kaya ilitoa nini kwa ajili ya lile boma: nani tofali ngapi, nani debe la mpunga, nani mbuzi. Alizitaja kaya 61, bila daftari.